Riwaya mpya za vijana zinavyonifikia Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nahakiki riwaya za vijana za Kiswahili na za Kifaransa, na mara chache za Kiingereza. Maswali yafuatayo hunirudia kutoka kwa wanafunzi wa komini (wilaya za mji) za Kenya, Katuba na Kampemba hapa Lubumbashi, Congo, kwa wazazi wao, kwa vijana wanaotaka kuhakiki wenyewe, na kwa wachapishaji wa ng'ambo ya mpaka wanaojiuliza kitabu hufikaje huku. Ya msingi yako juu, yenye utata yako chini. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, nimeelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Riwaya ya vijana ni ipi hasa?

Ni riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni kijana, kwa kawaida wa miaka 14 hadi 18, na ambayo inayatazama mambo kwa macho yake akiwa bado ndani ya ujana huo. Mtu mzima anayekumbuka utoto wake ameandika kitabu cha namna nyingine. Wachapishaji wa Marekani na Uingereza hulenga wasomaji wa miaka 12 hadi 18, ingawa watu wazima wengi hujinunulia. Huko aina hii ina rafu zake dukani na tuzo zake. Tuzo ya Printz, ya wakutubi wa Marekani, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000, na Ufaransa ilianzisha Prix Vendredi mwaka 2017.

Kwa Kiswahili rafu hiyo ni nadra kuiona. Mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi hufikiria shule kwanza: kitabu kipate ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania au ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, kiingie madarasani kama kitabu cha ziada. Kwa hiyo riwaya nzuri ya vijana inaweza kupita mbele yako ikiwa imevaa sare ya shule, na usiitambue. Mimi silitazami jina la kundi. Nikimkuta binti wa miaka 16 anafanya uamuzi wenye gharama, na mwandishi hamwokoi kwa hotuba ya mjomba katika sura ya mwisho, hicho nakihesabu.

Nakala ya uhakiki na nakala ya awali ni kitu kimoja?

Hapana. Nakala ya uhakiki ni kitabu chochote unachopewa bure ili ukisome na ukiandikie. Kinaweza kuwa kitabu kamili kama kile cha dukani. Ndiyo ile ambayo wachapishaji wa Paris huiita service de presse. Nakala ya awali hutoka kabla kitabu hakijakamilika. Imeshapangwa kurasa, lakini msomaji wa prufu (kurasa za kusahihishwa) hajaipitia kwa mara ya mwisho.

Ukiishika utaijua. Jalada huwa na mstari unaosema kwamba haiuzwi na kwamba maandishi hayajasahihishwa. Ndani, mahali pa shukrani pameachwa wazi kwa ahadi kwamba zitafuata. Ukifika penye ramani unakuta kisanduku kitupu, na maneno ya kukuelekeza kwingine yanasema «tazama ukurasa 000», kwa kuwa namba za kurasa bado hazijatulia. Mhusika anaweza kuitwa jina moja katika sura ya tatu na jingine katika sura ya tisa. Hayo yote si makosa ya kumshtakia mwandishi. Tazama pia swali la kunukuu, chini.

Yaya, yaani mkubwa wetu, unalipwa kiasi gani?

Silipwi. Napewa kitabu, basi. Na hata kitabu hicho nakitaja: kila uhakiki wangu unaanza kwa kusema kilikotoka, kama nimetumiwa na mchapishaji, nimepewa na mwandishi au nimekinunua kwa pesa yangu. Nchini Marekani tume ya biashara iliweka miongozo mwaka 2009 ikiwataka hata wanaoandika mtandaoni waseme wazi wakipewa kitu bure. Kwetu hakuna anayenidai hivyo, ila msomaji wangu ana haki ile ile.

Kwani vijana wa huku wanahitaji mhakiki? Si wasome tu wanachokipata?

Ndicho wanachofanya, na ndiyo sababu naandika. Riwaya mpya kutoka Ulaya ikifika dukani Lubumbashi imeshabeba gharama za safari nzima, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuweka akiba muhula mzima ili anunue moja. Akikosea hana ya pili. Kijana wa Paris akichoka na kitabu kwenye ukurasa wa 40 anakirudisha maktaba na kuchukua kingine, lakini wa Katuba amepoteza akiba yake, na mara nyingi anaanza kuamini kwamba kusoma si kazi yake.

Kwa hiyo deni langu liko kwa huyo mwenye akiba. Aliyenitumia kitabu namshukuru kwa moyo, lakini hanidai zaidi ya kusoma kwa makini na kuandika ninachokiona. Majibu mengine yote hapa yanatoka kwenye msimamo huo.

## Kusubiri

Unajuaje vitabu vijavyo kabla havijatoka?

Nasoma katalogi. Wachapishaji wengi wakubwa hutoa orodha ya vitabu vya miezi sita ijayo, na ndani yake mna muhtasari, tarehe, idadi ya kurasa na umri wa msomaji. Mbali na hizo, nafuata kalenda ya kila upande.

Marekani vitabu vipya hutoka zaidi siku ya Jumanne, Uingereza Alhamisi. Ufaransa ina wimbi kubwa la Agosti na Septemba, kisha maonyesho ya vitabu vya watoto na vijana ya Montreuil mwishoni mwa mwaka. Maonyesho ya Bologna, yaliyoanza mwaka 1964, hufanyika majira ya kuchipua ya Ulaya; hapo haki za kutafsiri huuzwa, kwa hiyo habari za Bologna zinanionyesha mapema kitakachosomeka kwa Kifaransa baadaye.

Kwa Kiswahili nazitazama tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, hupokea miswada. Mswada ukishinda leo, kitabu kitakuja baadaye. Naandika jina la mswada kwenye daftari na kuanza kuuliza. Tarehe ya kutoka ni nadra kutangazwa. Mara nyingi unasikia uzinduzi umefanyika jana.

Unachaguaje cha kukisubiri? Muhtasari wote unasema kitabu ni kizuri.

Muhtasari umeandikwa na mtu wa mauzo, kwa hiyo nausoma nikitafuta kitu kimoja tu: mhusika anataka nini? Ukiniambia kwamba binti atagundua nguvu zake na ulimwengu hautakuwa kama zamani, hujaniambia chochote. Ukiniambia kwamba binti anataka kurudisha cherehani ya mama yake iliyowekwa rehani, nimeshaanza kumsubiri.

Halafu natafuta kurasa za mwanzo, ambazo wachapishaji wengi huzitoa bure wiki kadhaa kabla. Nazisoma kwa sauti. Mazungumzo ndiyo yanayomuumbua mwandishi wa vijana kuliko kitu kingine. Mtu mzima anapoiga maneno ya vijana, maneno hayo yanakuwa yameshazeeka siku kitabu kinapotoka. Mwandishi mzuri haigi maneno ya mtaani. Anajua kijana anachokwepa kusema mbele ya baba yake, na anakijenga kimya hicho kwenye ukurasa. Kurasa kumi zinatosha kuonyesha kama kimya hicho kipo.

Kwa kitabu kilichotafsiriwa natazama jina la mtafsiri kabla ya jina la mwandishi. Jalada nalitazama mwisho. Linaniambia mchapishaji anadhani nani atanunua, basi.

Kutangaza kitabu ambacho hujakisoma si kudanganya watu?

Ni kudanganya ukikisifu. Ukisema tu kwamba unakisubiri, na ukatoa sababu inayoweza kupimwa, hujamdanganya mtu. Orodha yangu ya vitabu vijavyo haina neno «kizuri» hata mara moja. Ina sentensi kama «nakisubiri kwa sababu kitabu cha kwanza cha mwandishi huyu kilimwacha dada mkubwa njiani, na hiki kimeahidi kumrudia». Kitabu kikishatoka, narudi kwenye orodha ile ile na kuandika kama sababu ilitimia. Vingi havitimizi, na wasomaji wangu wamezoea kuliona hilo likiandikwa wazi.

Ninachokikataa ni kurudia maneno ya jalada kana kwamba ni yangu. Kijana aliyetunza akiba anayachukua kama ushauri.

Tarehe ya kutoka imesogezwa. Maana yake kitabu kina matatizo?

Si lazima. Mtambo wa kuchapa umejaa, karatasi imechelewa, mwandishi ameumwa, au mchapishaji anakwepa kugongana na kitabu kikubwa cha mshindani. Mwaka 2021 vitabu vingi vilisogezwa kwa sababu ya karatasi na meli tu. Nabadilisha tarehe kwenye orodha na kuendelea.

Kuagiza mapema kunasaidia?

Kwa mwandishi wa Marekani kunasaidia sana, kwa kuwa maagizo hayo huhesabiwa pamoja na mauzo ya wiki ya kwanza. Kwa msomaji wa Lubumbashi kuna njia iliyo karibu zaidi: mwambie mwenye duka la vitabu unachokitaka, uwe na wenzako wanne watakaosema vivyo hivyo. Muuzaji akiona watu watano, anathubutu kuweka kitabu kwenye oda yake inayofuata.

## Kuomba na kupokea

Nataka kuanza kuhakiki. Nimwandikie nini mchapishaji?

Kwanza usimwandikie. Hakiki vitabu ulivyonavyo: ulivyoazima, vya maktaba ya shule, vya Institut français pale Halle de l'Étoile. Ukishakuwa na kazi za kuonyesha, andika barua fupi yenye mambo haya: wewe ni nani na uko mji gani, unaandika kwa lugha gani na wasomaji wako ni akina nani, hakiki mbili zako, moja ikiwa ya kitabu ambacho hukukipenda, kitabu unachokiomba, kwa jina kamili, mwandishi na namba ya ISBN (tarakimu 13 tangu mwaka 2007, zile za nyuma ya jalada), na mwisho, kama unataka karatasi au faili.

Watu huona haya kutaja idadi ndogo ya wasomaji. Taja iliyo ya kweli. Mchapishaji wa Nairobi mwenye kitabu cha Kiswahili anajua kwamba wasomaji mia wa Lubumbashi ni mia ambao hakuwa nao.

Usiombe vitabu kumi kwa mara moja. Omba kimoja, kiandikie kwa wakati, mtumie alichokipata, ndipo uombe cha pili.

NetGalley ni nini, na inafanya kazi huku?

Ni huduma ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2008, ambako wachapishaji huweka nakala za awali kama faili na wahakiki huziomba. Unajaza wasifu, unaomba, mchapishaji anakubali au anakataa. Kuna upande wa Kiingereza na upande wa Kifaransa. Ndiyo, inafanya kazi Lubumbashi. Unahitaji simu na mega (data) za kutosha kupakua faili, ambalo kwa riwaya isiyo na picha si zito.

Mambo mawili yanawakwaza wanaoanza. La kwanza ni kiwango cha majibu: huduma hiyo inapendekeza uwe umeandikia asilimia 80 ya vitabu ulivyokubaliwa. Ukiomba ishirini kwa furaha ya siku ya kwanza, kiwango chako kitashuka na maombi yako yanayofuata yatakataliwa. La pili ni tarehe ya kufungwa, ambayo ikipita faili halipakuliki tena. Pakua siku ile ile uliyokubaliwa.

Nimekataliwa ingawa wasifu wangu ni mzuri. Kwa nini?

Tazama haki za eneo. Mchapishaji wa New York anaweza kuwa amenunua haki ya kukiuza kitabu Amerika ya Kaskazini tu, kwa hiyo hana ruhusa ya kukupa wewe uliye Congo. Tafuta nani ana haki za Uingereza na nchi zinazofuata soko lake, au nani anakitoa kwa Kifaransa, umwombe huyo. Mara nyingi mlango wa pili hufunguka.

Niandike anwani gani? Kwetu hakuna mtu wa posta anayepita nyumbani.

Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, avenyu na namba, kartie (mtaa), komini, mji, jimbo la Haut-Katanga, kisha namba ya simu inayopatikana. Namba ya simu ndiyo anwani yenyewe. Kifurushi kikifika utapigiwa. Mwenye sanduku la posta shuleni au parokiani anaweza kukubali kupokea kwa niaba yako, ila uliza kwanza, na jina lako liandikwe chini ya lake. Ukiulizwa namba ya eneo ya posta na fomu haikubali kuachwa tupu, mwandikie mtumaji umweleze. Wengi huwa wameshakutana na hali hiyo.

Kitabu kutoka Dar es Salaam kinafikaje, na kwa nini kinakawia?

Watu hudhani kwamba Congo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mpaka wa vitabu ulifunguka. Tazama ramani. Barabara ya Dar es Salaam kuja Lubumbashi inapita Tunduma, inaingia Zambia kwa Nakonde, inavuka nchi hiyo na kutokea Kasumbalesa, takriban kilomita 90 kutoka kwetu. Zambia si mwanachama wa Jumuiya hiyo. Kitabu kinavuka mipaka miwili, na kwenye kila mmoja kinaweza kusubiri nyuma ya malori ya shaba.

Kampuni za vifurushi vya haraka huleta kwa ndege, lakini gharama mara nyingi inazidi bei ya kitabu, na mchapishaji mdogo hawezi kuilipa kwa ajili ya uhakiki mmoja. Kinachofaa zaidi ni msafiri: mfanyabiashara anayepanda basi, mwanafunzi anayerudi likizo, padri anayetoka mkutanoni. Nakubaliana na mchapishaji aache kitabu kwa mtu mmoja Kariakoo, nacho kinakuja na mzigo wa mwenyewe. Kinaweza kuchukua wiki mbili au miezi miwili. Kwa sababu hiyo siahidi tarehe ya uhakiki wa kitabu cha karatasi kabla sijakishika.

Wachapishaji wa Kiswahili mnaosoma hapa: mkituma faili mapema pamoja na nakala moja ya karatasi inayofuata taratibu, uhakiki utatoka wakati kitabu bado ni kipya, na mimi nitaithibitisha nukuu kwenye karatasi ikifika.

Nitalipa ushuru?

Mkataba wa Florence, uliopitishwa na UNESCO mwaka 1950, unataka vitabu visitozwe ushuru wa forodha katika nchi zilizouridhia. Lakini ushuru si gharama pekee. Kuna ada ya msafirishaji, ya makaratasi, na ya kuhifadhi kifurushi kikikaa. Mwombe mtumaji aandike kwenye fomu, kwa Kifaransa, kwamba ni kitabu kimoja cha uhakiki kisichouzwa, na ataje thamani ya kweli. Ukipigiwa simu nenda siku hiyo hiyo, na udai risiti ya kila unacholipa.

Nasoma kwenye simu na umeme unakatika. Unafanyaje?

Nasoma mchana, simu nikiiweka kwenye hali ya ndege na mwanga chini; faili likishapakuliwa halihitaji mtandao. Maelezo naandika kwa kalamu kwenye daftari, nikitaja sura badala ya ukurasa, kwa kuwa kurasa za faili hubadilika kwa ukubwa wa herufi. Umeme ukirudi naandika uhakiki.

## Kusoma na kuandika

Naruhusiwa kunukuu nakala ya awali?

Usinukuu kabla ya kulinganisha na kitabu kilichotoka. Sentensi uliyoipenda inaweza kuwa imefutwa. Usipoweza kukipata, mwandikie mchapishaji umtajie sentensi yenyewe. Atakujibu kama imebaki. Asipojibu, simulia kwa maneno yako.

Niseme kiasi gani cha hadithi bila kumwaga mtama?

Kipimo changu ni robo ya kwanza ya kitabu. Kinachotokea humo ni halali kusemwa, kwa kuwa ndicho kinachojenga swali la hadithi. Baada ya hapo nasema namna, sisemi tukio: mwendo unakuwa wa kasi, dada mdogo anachukua nafasi kubwa kuliko ilivyotarajiwa, mwisho hauna jibu la wazi.

Mambo ya kumuumiza msomaji hayahesabiki kuwa siri. Tazama swali la mambo mazito, chini.

Kitabu ni kibaya na nilipewa bure. Niandike?

Andika. Rudi kwenye swali la kwa nini vijana wanahitaji mhakiki. Ila ubaya uuonyeshe ulipo. «Kinachosha» halimsaidii mtu. Afadhali useme kwamba sura nne za katikati zinarudia ugomvi ule ule wa mama na binti bila yeyote kusogea. Na useme nani anaweza kukipenda hata hivyo, kama yupo.

Kuna hali moja ambayo nanyamaza: kitabu cha kwanza cha mwandishi asiyejulikana, kilichotolewa na mchapishaji mdogo, ambacho ni dhaifu tu, hakina madhara. Namwandikia mchapishaji barua yenye maoni yangu na sichapishi. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na hoja yao naiheshimu, lakini safu niliyo nayo ni finyu na napenda kuitumia kwa kitabu ambacho mtu angeweza kukinunua.

Vijana wa Lubumbashi wanakielewa Kiswahili cha vitabu vya Dar?

Wanakielewa zaidi ya wazazi wanavyodhani, hasa kikiwa na hadithi inayowavuta. Ukurasa wa kwanza unawapa shida, kufikia wa ishirini wameshazoea. Katika uhakiki nataja kama lugha ni nyepesi au inahitaji subira, na nataja kama mazungumzo yanabebwa na misimu ya mtaa wa Dar ambayo huku haijafika.

Unawasomesha vijana wenyewe kabla ya kuandika?

Ndiyo, kitabu kikiwa changu kabisa na siku ya kutoka imepita. Nampa mmoja wa mabinti wa kwetu, mwenye miaka 15, bila kumwambia ninachofikiri. Simuulizi amekipenda. Natazama alipokikunja. Riwaya moja aliiacha juu ya mfuko wa unga ikiwa imefunguliwa kifudifudi, akaenda kusonga bukari (ugali) na kurudi mbio na mkono bado una unga. Kurasa mbili za sura ya kumi na moja mpaka leo zina alama nyeupe za vidole. Niliiandika alama hiyo kwenye uhakiki, kwa maana sura hiyo mimi niliiona ya kawaida, naye aliiona kwamba haiwezi kusubiri chakula.

## Mambo yenye utata

Embago inaisha saa ngapi kwetu?

Embago ni ahadi kwamba hutatoa uhakiki kabla ya saa fulani. Isipotajwa mji, uliza. Usiku wa manane wa New York ni saa moja asubuhi Lubumbashi, na katika miezi yao ya kiangazi ni saa kumi na mbili asubuhi. Wa London ni saa nane usiku kwetu, au saa saba kiangazi. Paris wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa moja. Kiangazi tuko sawa. Na usitumie saa ya Kinshasa ukadhani ni yetu, wao wako saa moja nyuma.

Riwaya ya kigeni inayohusu migodi ya kobalti ya kwetu: unaisomaje?

Kwa makini mara mbili, maana zitaendelea kuja. Congo inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, na mwandishi wa mbali anayetafuta mtoto wa kumhurumia anamkuta Kolwezi.

Sisemi kwamba wa mbali asiandike. Natazama kama mtoto huyo ana kitu kingine zaidi ya mateso. Ana rafiki anayemchokoza? Anashabikia Mazembe? Anazungumza nini na dada yake jioni? Kijana wa huku anayesoma anawajua watoto wa wachimbaji kama wanafunzi wenzake, na ataona mara moja mhusika aliyechongwa ili tu aliliwe.

Halafu natazama vitu vidogo. Mvua inanyesha Julai, mwezi wetu wa baridi kavu? Mama anapika nini, bukari na sombe (kisamvu), au «uji wa Kiafrika»? Watu wanazungumza Kiswahili, au mwandishi amewapa Lingala kwa kuwa alisikia ndiyo lugha ya Congo? Kwenda Kolwezi kutoka Lubumbashi, kilomita kama 300, kunachukuliwa kama kwenda mtaa wa pili? Kosa moja nalisamehe. Matano yananiambia kwamba hakuna mtu wa hapa aliyeombwa kuusoma mswada. Nayaandika yote, kwa utaratibu, na namtumia mchapishaji orodha kama kitabu bado ni prufu, kwa kuwa wakati huo bado yanasahihishika. Hapo ndipo nakala ya awali inapokuwa na thamani kubwa kuliko popote: msomaji wa Lubumbashi anaweza kukigusa kitabu kabla hakijakauka.

Kitabu kina ubakaji, vita au kujiua. Unawaambia wazazi?

Nawaambia wasomaji wenyewe, katika aya ya pili, kwa maneno ya kawaida, bila kueleza tukio. Katika mji wenye familia zilizokimbia vita vya mashariki, kijana ana haki ya kujua kilichomo kabla hajafungua. Lakini jambo zito peke yake halinifanyi nikikatae kitabu. Nauliza mwandishi amelipeleka wapi: msomaji anaachwa na nini mkononi kitabu kikiisha? Mzazi anayetaka kujua zaidi aniulize, nitamtajia sura.

Mwandishi ni rafiki yangu. Nihakiki?

Mpe mwenzako akihakiki. Wewe mfanyie mahojiano, na useme kwamba mnafahamiana.

Naweza kuuza au kuazimisha nakala ya awali?

Kuuza, hapana, imeandikwa juu yake. Kuazimisha kabla ya siku ya kutoka, hapana pia. Baadaye, kitabu kamili nilichopewa nakitoa kwa maktaba ya shule. Ile yenye «ukurasa 000» inabaki kwangu, maana mwanafunzi anastahili kusoma kitabu kilichokamilika.

Mtu amenitumia PDF ya riwaya kwenye WhatsApp. Uihakiki?

Siihakiki. Sheria ya Congo ya haki za mwandishi, ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mwandishi, na mwandishi wa Kiswahili anapoteza zaidi kuliko yeyote, kwa kuwa soko lake ni dogo. Najua njaa inayomfanya kijana apokee PDF hiyo. Niandikie jina la kitabu: nitamwomba mchapishaji nakala, na ikishafika na kuhakikiwa, wewe ndiwe wa kwanza kwenye orodha ya kuazima.

Kitabu kimefika miezi minne baada ya kutoka. Bado kina maana kukihakiki?

Kwa mchapishaji wa Paris, pengine hapana. Kwa Lubumbashi ndipo kinapoanza kuwa kipya, kwa kuwa ndipo nakala mbili tatu zinapoonekana dukani. Naandika tarehe ya kutoka na tarehe nilipokipata, na nataja duka nililokiona.

Mdogo wangu ana miaka 11 na anasoma kuliko darasa lake. Nimpe riwaya za vijana?

Mpe, ukianza na zile ambazo nimeandika chini yake «kuanzia miaka 12» bila onyo katika aya ya pili. Isome wewe kwanza, au isomeni pamoja, sura kwa sura. Akikuuliza jambo lililomzidi, mjibu. Akikirudisha bila kukimaliza, usimlazimishe; kiweke mahali anapoweza kukifikia mwakani.